Kikaango cha Salha

Leo nawapeni kesi ya kikaango. Isikilizeni mpaka mwisho kabla hamjaanza kugombana, maana wenyewe waligombana vya kutosha.

Kulikuwa na watu watatu mjini Tanga, kila mmoja na kipaji chake. Hemedi alikuwa na mikono isiyochoka: akishika kitu kilichoharibika, hakiachi mpaka kimetengemaa. Dada yake, Nasra, alikuwa na ulimi: mpe kijiko cha mchuzi, atakutajia kilichomo kimoja kimoja, hata kile ulichotia kidogo ukidhani kitapotea. Mama yao mdogo, Tausi, alikuwa na jicho la moto: alijua moto upi unaivisha na upi unaharibu, na tui halikuwahi kukatika mbele yake.

Alikuwepo pia mtu wa nne, Bwana Semboja, baba yao Hemedi na Nasra. Yeye hakuwa na kipaji chochote cha jikoni. Alikuwa mpimaji wa ardhi, na siku hizo alikuwa na hasira.

Mkewe, Salha, alikuwa karani wa mahakama. Alikuwa akirudi nyumbani jua linazama, amechoka, viatu anavivulia mlangoni. Hakuwa na muda wa kuchambua mchele wala kungoja maharage. Siku za kazi alipika chakula kimoja tu: makaroni ya tui, yote ndani ya kikaango kimoja kipana cha chuma alichokuja nacho siku ya harusi. Nazi alikuwa amekwisha kuikuna Jumapili, na tui lake lilikaa kwenye friji ndani ya chupa. Semboja alivua koti, akatawadha, akaswali magharibi. Akikunja mswala, alikaa mezani akingoja, na muda si muda chakula kiko mbele yake, cheupe, kizito, kimeng'ang'ania kijiko. Alikula akamaliza. Hakuwahi kusifu kwa maneno. Katika nyumba ile, kumaliza sahani ndiko kulikuwa kusifu.

Salha alipolazwa, na akajua kwamba hatatoka, aliwaita wote wanne kando ya kitanda.

"Vyombo vyangu vingine gawaneni mnavyotaka," alisema. "Kikaango apewe yule atakayempikia baba yenu makaroni yangu, akamaliza sahani."

Tausi alicheka huku analia. "Dada, hata huku unatupangia zamu za jikoni?"

"Nisipowapangia atakufa njaa, halafu atawasingizia nyinyi."

Semboja hakucheka. Hasira yake ilianzia hapo. Mambo yote ya nyumba ile waliyaamua wawili, hata rangi ya mapazia. Hili Salha aliliamua peke yake, mbele yake, bila kumtazama, kama vile alivyokuwa anaondoka peke yake. Semboja aliipima hasira hiyo kwa uangalifu wa mtu wa kazi yake. Akaona haina haki. Akabaki nayo.

Baada ya maziko, chakula kililetwa kwa masinia. Alikula matonge machache akasukuma. Wageni walipokwisha kuondoka, watoto wakaanza kuzikumbuka habari za kikaango.

Wa kwanza alikuwa Hemedi. Wakati wa msiba kikaango kilitumika kukaangia samaki, kisha mtu akakiacha nje chini ya bomba, kimejaa maji. Kilipookotwa kilikuwa chekundu kwa kutu, na shangazi mmoja alishakiweka kando na vitu vya kutupwa. Hemedi alikaa nacho kibarazani. Alikisugua kwa chumvi na kipande cha gunia, akakikausha motoni, akakipaka mafuta, akakirudisha motoni, akakipaka tena, mpaka weusi wake ukarudi na ukaanza kung'aa. Kisha akapika. Makaroni yake yalitoka yameungua upande mmoja na mabichi upande wa pili.

Semboja alionja. "Kikaango kimepona," alisema. "Chakula wape bata." Akasukuma sahani.

Wa pili alikuwa Nasra, aliyekuja kutoka Korogwe, anakoishi sasa, na kikapu mkononi. Alikaa kwenye kiti cha mama yake, akafumba macho, akaikumbuka ladha. Alitaja kitunguu, kitunguu saumu kilichopondwa, pilipili manga na maji ya ndimu ya mwisho kabisa. Halafu akaendelea kuitafuta mdomoni, na akasema kuna kungumanga. Hakuna aliyewahi kusikia habari za kungumanga katika nyumba ile. Nasra alifungua droo ya vijiko na kuikuta nyuma kabisa, nusu imekwaruzwa. Nasra alipika kwa ulimi huo. Lakini moto ulimshinda, tui likakatika, na mafuta yakaelea juu.

Harufu ilipofika mezani, Semboja alishika ukingo wa meza. Alikula vijiko viwili. "Harufu ni yake," alisema. "Hiki kingine sijui ni cha nani." Akasukuma sahani.

Wa tatu alikuwa Tausi. Aliusogeza moto kama mtu anayepunguza sauti ya redio mgonjwa akiwa amelala, akamimina tui polepole, na tui likabaki laini bila hata alama moja ya mafuta. Lakini hakujua kungumanga, maana Nasra hakumwambia, na mchuzi wake ulipita katikati ya makaroni ukatulia chini ya sahani kama maziwa ya chai.

"Umeonja, shemeji?"

"Nimeonja."

"Basi?"

"Basi nimeonja."

Tausi naye akaondoka na hasira zake.

Sasa kuna jambo nyinyi mnapaswa kulijua, ambalo wale watatu hawakulijua. Wote walifanya kosa moja, na Semboja aliliona kosa hilo tangu siku ya kwanza. Kila mmoja wao alichemsha makaroni kwenye sufuria ya pembeni, kama wafanyavyo watu wote, kisha akaenda kwenye sinki na kumwaga maji. Semboja, akiwa mezani, aliusikia mlio wa maji yale na kuuona mvuke ukipanda dirishani. Salha hakuwahi kumwaga maji ya makaroni. Jioni baada ya jioni Semboja alikaa kwenye kiti kile kile na mlango wa jikoni ukiwa wazi, akaona kila kitu, ingawa hakuwahi kushika mwiko. Alijua. Akanyamaza. Wale watatu kila mmoja ana kwake; mmoja wao akifaulu, kikaango kitatoka katika nyumba hii, na bora njaa kuliko hilo.

Mwili ulianza kusema alichokificha mdomo. Tausi ndiye aliyewapigia simu wenzake. "Baba yenu amekonda," alisema. "Suruali anaifungia tai. Tai ya harusi, Nasra, kiunoni kama kamba ya mbuzi. Njooni leo."

Wakaja. Jikoni hapakutosha watu watatu wenye hasira.

"Sogea," Nasra alimwambia kaka yake. "Umesimama kama friji."

"Kikaango nimekifufua mimi. Nasimama nacho."

"Umetoa kutu tu. Mtu akikuoshea gari amekuwa dereva?"

"Na wewe ulificha kungumanga," alisema Tausi. "Mimi mama yako mdogo, umeniacha nipike chakula cha wodini huku unajua."

"Mama mdogo, chakula chako hakikuwa cha wodini. Kilikuwa na ladha ya ukuta."

"Ukuta uliuonja wapi, mtoto wewe?"

"Pikeni kwanza," alisema Hemedi. "Matusi hayaozi, tutayakuta."

Wakapika. Hemedi aliweka kikaango jikoni kikiwa kimekauka vizuri. Nasra alikaanga vitunguu, akakwaruza kungumanga. Tausi aliinama juu ya moto, chupa ya tui mkononi, anangoja. Pembeni, sufuria ya makaroni ilikuwa inachemka. Yalipokaribia kuiva, Nasra aliishika kwa kitambaa na kwenda nayo kwenye sinki.

Semboja alikuwa amekaa mahali pake. Alimwona mwanawe akiinamisha sufuria, na akaona kitu ambacho hakuwa amekipima. Mikono yote iliyobaki ilikuwa mle jikoni. Ikishindwa leo haitarudi tena, na chakula cha Salha kitabaki kichwani mwa mtu mmoja asiyejua kupika.

"Weka chini."

Hakupaza sauti. Nasra aligeuka akiwa bado ameinamisha sufuria.

"Baba, yatapondeka."

"Nimesema weka chini. Usimwage hata tone." Alikuwa ameshasimama mlangoni, tai ya harusi kiunoni. "Mama yenu alikuwa anarudi amechoka. Mnadhani alitaka sufuria mbili za kuosha? Makaroni aliyatia makavu humo humo kwenye kikaango, akaongeza maji, yakaivia humo. Maji hayo ndiyo yanayolishika tui. Kila siku mnamwaga chakula, halafu mnaniletea mabaki."

Mvuke wa sufuria ulikuwa unampanda Nasra usoni. Hakuufuta.

"Shemeji," alisema Tausi. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukatuacha tunamwaga."

"Niliwaacha."

"Kwa nini, baba?" aliuliza Nasra.

Semboja alikitazama kikaango. "Kwa sababu mnataka kuondoka nacho."

Hemedi alichukua sufuria mkononi mwa dada yake, akaimimina yote kwenye kikaango, makaroni na maji yake. Tausi aliacha maji yapungue, akashusha moto, akamimina tui. Nasra alikoroga, akaonja, akakamulia ndimu. Mchuzi ulianza kuwa mzito mbele ya macho yao, ukayafunika makaroni, ukakishika kijiko.

Walimpakulia. Semboja alikula kwa hasira, kama mtu anayejibu hoja moja moja, bila kumtazama yeyote. Hakujua alikuwa amefika wapi mpaka kijiko kilipogonga sahani tupu. Ndani ya sahani, chini kabisa, palikuwa pamechorwa ua la bluu. Hakuwa ameliona tangu Salha alazwe.

Wote wanne waliliona ua lile.

"Amemaliza," alisema Hemedi. "Bila mimi kikaango kingekuwa jalalani, na wasia ungekuwa wa hewa. Nakichukua."

"Bila mimi mngempikia ukuta," alisema Nasra. "Aliposikia harufu yangu ndipo aliposhika meza. Mlimwona nyote."

"Harufu yako ilikuja na tui lililokatika," alisema Tausi, "na mimi ndiye niliyekipakata kikaango hicho siku ya harusi ya dada, kutoka kwetu mpaka mlangoni hapa. Leo nimelinda tui lake. Nitakirudisha kwetu."

"Na mimi?" alisema Semboja.

Waligeuka.

"Bila mimi maji yangeishia kwenye sinki. Nimepika kama mlivyopika."

"Shemeji, dada alisema atakayekupikia wewe. Mtu hajipikii akajirithisha."

"Hakusema haiwezekani."

Nasra alisimama. Alizungumza taratibu. "Baba, ulikaa na njaa makusudi. Tulikuwa tunapigiana simu tunalia, tunaulizana tutakuzika lini. Kumbe dawa unayo mdomoni, umeifunga. Leo umeifungua, unataka tuzo?"

"Sitaki tuzo," alisema Semboja. "Nataka kikaango changu."

"Hakikuwa chako. Kilikuwa cha mama."

Hilo lilimpata. Aliinuka, akaenda jikoni. Walimsikia akifungua maji. Alikiosha kikaango bila sabuni, akakikausha juu ya moto, akakipaka mafuta kwa kidole, kama alivyomwona Salha akifanya kutoka kwenye kiti kile. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukiosha. Alikileta na kukiweka katikati ya meza, juu ya gazeti la juzi.

"Haya," alisema. "Alisema kitolewe. Chukueni."

Hemedi alinyoosha mkono, akaurudisha. Nasra alimtazama Tausi. Tausi alilitazama ua la bluu kwenye sahani. Semboja alikuwa bado amesimama, na mkono wake haukuwa umeuachia mpini.

Hapo ndipo ninapowaachia. Yuko aliyekitoa kikaango katika kutu, yuko aliyeirudisha ladha, yuko aliyelinda tui lisikatike. Yuko pia aliyeyaokoa maji, ambaye ndiye huyo huyo aliyeyaacha yamwagwe siku zote zilizotangulia. Ukimtoa mmoja, sahani isingeisha. Maneno ya Salha mmeyasikia kama walivyoyasikia wao, na yeye hayupo wa kuulizwa.

Je, wewe ungeamua vipi? Na ukishaamua, ungekitoaje mkononi mwa Semboja?