Amri Aliyoisoma Kapteni Roquelin

Anselme, mkulima wa zabibu, alikokotwa jeshini Ufaransa enzi za Napoleoni, akamwacha mkewe mjamzito. Alipoomba ruhusa ya kwenda kumwona, Kapteni Roquelin alimfokea, "Kwenu utarudi maiti!"

Kesho yake Anselme alimpelekea karatasi. "Afande, amri ya makao makuu. Isome."

Kapteni aliishika juu chini, akaikodolea macho, akakunja uso. "Nimeisoma."

"Niitekeleze, afande?"

"Mara moja! Unangoja nini?" Akaigonga muhuri.

Langoni mlinzi aliisoma kwa sauti: "Mwenye karatasi hii aende kwao, asirudi." Akashtuka. "Kapteni ameisoma hii kweli?"

"Ameisoma mbele yangu. Ukiwa na shaka, nenda kamuulize kama anajua kusoma."

Mlinzi akafungua lango upesi.