Chui Alivyomfundisha Shibe Kuwinda

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na milango ya kugonga na majirani wa kuchungulia, Chui aliokota mtoto wa mbwa. Macho hayajafunguka, mama hayupo. Akambeba hadi kwenye jabali alipoishi Mama Pimbi na wanawe watatu, ndani ya ufa mwembamba ambao kichwa cha Chui hakikuwahi kupenya.

Akampima yule mtoto kwenye mlango wa ufa. Akaenea, na nafasi ikabaki.

Mama Pimbi aliona, akarudi nyuma hatua moja.

"Wa nini huyo, Baba Chui?" akauliza kutoka ndani.

"Wa kuwinda swala," alisema Chui, akitazama pembeni.

Lakini mtoto alilia. Wii, wii. Chui akampa mfupa. Wii. Akamwimbia, akalia zaidi. Chui akakaa chini amechanganyikiwa, kama mimi siku niliyokabidhiwa mwanangu wa kwanza nikambeba miguu juu.

Mama Pimbi akaingiwa na huruma. "Hana meno huyo, Baba. Chovya kitambaa kwenye maziwa ya mbuzi, anyonye. Kisha mlaze tumboni mwako apate joto."

Chui akafanya hivyo. Mtoto akanyonya, akanyamaza, akamkojolea. Akaitwa Shibe.

Shibe alipoota meno na maringo, Chui alirudi kwenye ufa.

"Mama Pimbi, maziwa yale yalimfaa. Sasa mbwa anafundishwaje kuwinda?"

Mama Pimbi akawasogeza wanawe nyuma yake. "Kwanza niambie, porini humu nani anajua kujificha kuliko wote?"

"Mimi," alisema Chui, masharubu yakimsimama.

"Basi jifiche na kipande cha nyama. Shibe akunuse, akutafute. Akikupata abweke, umpe nyama. Mbwa anayeweza kukupata wewe, swala atakimbilia wapi?"

Chui akafikiri, hakuona kasoro. Mimi nimeisimulia hadithi hii nchi nne, na bado siioni.

Kesho yake akajificha kichakani. "Bwe, bwe, baba yupo hapa." Akampa nyama. Akajificha juu ya mti. "Bwe, bwe, baba yupo juu." Akazama mtoni, pua tu nje. "Bwe, bwe, baba amelowa." Chui akajaa fahari.

Siku ya kuwinda ikafika. Habari za swala hakuzitaja tena.

"Ingia humo uwatoe pimbi," alimnong'oneza Shibe. "Mimi nitawavizia hapa nyuma." Akajibanza majanini.

Ndani, Mama Pimbi aliwakumbatia wanawe. Pua ikanusa mlangoni: fu, fu, fu. Ikaingia kidogo. Ikasita. Ikaondoka.

"Bwe, bwe, baba yupo hapa! Nyama yangu iko wapi?"

"Si mimi, Shibe. Wale kule."

"Wale hawana nyama, baba."

"Mimi ndiye ninayewinda."

"Na mimi ndiye niliyekupata," alisema Shibe, mkia ukipiga majani, pa, pa, pa.

Chui akahamia kichaka kingine. Bwe, bwe. Akahamia cha tatu. Bwe, bwe. Swala waliokuwa bondeni wakainua vichwa, wakajua chui yuko wapi, wakaenda zao.

Chui akarudi kwenye ufa, kichwa kikizunguka. "Mama Pimbi, hivi mimi ni mwindaji au windo?"

"Muulize mwalimu wake."

"Mwalimu wake nani?"

"Wewe, Baba."

Alitaka kumfukuza Shibe. Akageuka kumtafuta, akamkuta ameshajilaza tumboni mwake, pale alipozoea. Basi wakaishi hivyo, baba na mwana, wakila panzi, na kila Chui alipojificha pori zima likaambiwa.

Kwa hiyo wanangu, ukitaka kumla jirani, usimwombe ushauri.