Kipimajoto Kando ya Jiko

Sogeeni mbele kina mama, viti vya mbele havina miiba. Na huyo anayesinzia pale dirishani mguseni taratibu, maana mfano huu unamhusu na yeye.

Kulikuwa na mama mmoja huku huku kwenye milima yetu ya baridi, ambako asubuhi ukifungua kinywa moshi unatangulia kabla ya salamu. Majirani walimwita Mama Sekela. Kikundi cha kina mama wa kanisani kwao kilikuwa kimejichanga kikanunua vifaranga mia, vidogo kama ndimu, vya manjano, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na chumba kikavu kisichotumika, wakamkabidhi awalee mpaka waote manyoya, kisha kila mmoja aje achukue wake. Wengine wao walikuwa wajane. Mmoja, mama wa watu, alishajenga banda kwa mabanzi kabla hata vifaranga havijafika, akawa anakwenda kulifagia likiwa tupu. "Tunakuamini, dada," walimwambia. Neno hilo ni zito kuliko gunia la viazi, asikudanganye mtu.

Sasa kifaranga wa dukani hana mama. Mama yake ni jiko la mkaa. Bwana mifugo aliwaeleza vizuri: tundikeni kipimajoto humo chumbani, chini chini, usawa wa mgongo wa kifaranga, mbali na jiko, mbali na mlango, na wiki ya kwanza kisipungue nyuzi thelathini na mbili. Basi mumewe Mama Sekela akajikohoza, akasema, "Hayo mambo ya vipimo niachieni mimi."

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumgonga Mama Sekela.

Wakashuka mjini wote wawili. Dukani walikuta vipimajoto vitatu vimetundikwa kwenye ubao mmoja, kama ndugu watatu. Cha kwanza kilisema kumi na tisa, cha pili kumi na tisa, cha tatu kikasema ishirini na sita.

"Mzee, chukua mojawapo ya hivi viwili vinavyokubaliana," muuza duka akamwambia. "Hiki cha tatu kilianguka sakafuni, nilisahau kukitoa."

"Hivyo vya baridi unamuuzia nani?" akauliza mzee. "Baridi ninayo nyumbani ya kutosha. Nipe hicho chenye joto."

"Baba Sekela!" mkewe akasema, akitazama huku na huku kama kuna aliyesikia. "Hewa ya duka si ni moja? Kitaletaje joto?"

"Wewe mwenzangu ulisomea vipimajoto lini?"

Muuza duka akamtazama mama, mama akamtazama muuza duka. Kikafungwa kwenye gazeti, safari ikawa ya kurudi. Jamani, kuna watu wanaoolewa na mtu, na kuna wanaoolewa na ubishi wenye suruali.

Mnadhani kilikwenda kwa vifaranga? Subirini. Kwanza kilipigiwa msumari nje, ukutani, upande unaokula jua la mchana, chini kidogo ya bati, ili wapita njia waone. Kikapanda mpaka arobaini na kitu. Watu wakakusanyika wamevaa makoti na masweta, wengine wana mablanketi mabegani, wanasoma arobaini.

"Sasa Baba Sekela," jirani yao Ambakisye akasema, "nivue koti au nivae na jingine? Maana macho yananiambia nipo pwani, masikio yangu yameganda."

Watu wakacheka mpaka wakashikana. Mzee akacheka nao, ila alidhani wanafurahia kipimajoto. Mama Sekela akaingia ndani, akafunga mlango, akaegemea ukuta. Mwanamke ana mahali anapoweka aibu ya mumewe, pake palishajaa.

Ndipo alipomlazimisha akihamishie kwa vifaranga. Akakihamisha. Wapi? Juu ya jiko! Kando kabisa ya mkaa unaowaka, usawa wa kifua cha mtu mzima. Kikasema thelathini na tatu, mzee akapiga makofi. Vifaranga wao walikuwa kule pembeni, chini ya dirisha lenye ufa, wamejazana, wamepandana migongo kama watu wanaogombea mlango, wanalia ile sauti nyembamba inayochoma sikio.

Mama mkwe wa Mama Sekela, Mungu amrehemu, alikuwa na msemo: "Kifaranga aliyeshiba joto huzungumza. Aliye kwenye baridi huita." Hawa walikuwa wanaita.

"Baba Sekela, watoto wana baridi."

"Thelathini na tatu hiyo hapo. Soma."

"Mimi nasikia, si nasoma. Njoo uinamie hapa uwaone."

"Kifaranga ni kulia tu. Ulitaka aimbe?"

Mama akachoka. Akakichomoa kipimajoto msumarini, akaenda kukiegemeza pale pembeni katikati ya vifaranga, mwenyewe akachuchumaa kukilinda. Wekundu ukaanza kushuka, ukashuka, ukasimama ishirini na moja. Na hicho ni kile kiongo, kinachojiongezea! Akageuka kwa ushindi. "Haya. Sema sasa."

Mzee akashika kichwa. "Umekiharibu! Kilikuwa kizima, umekipeleka kwenye baridi kimeharibika!"

Enyi watu, utamjibu nini mtu kama huyo? Akakinyang'anya, akakifuta kwa shati, akakirudisha kando ya jiko, na kilipopanda tena akamwambia mkewe kwa upole ule unaoudhi kuliko matusi, "Unaona? Kimepona."

Mnacheka. Chekeni. Mimi pia nisingejizuia.

Basi jioni hiyo ukungu ukashuka mpaka mlangoni. Kila jioni ni Mama Sekela aliyekuwa akibeba ungo wa mkaa, anauongeza kwenye jiko la chumbani, analisogeza karibu na vifaranga, anaziba ule ufa kwa gunia. Ilikuwa kazi yake, hakuna aliyemtuma. Jioni hiyo alijaza ungo kama kawaida. Akasimama nao ukumbini. Akamsikia mumewe chumbani akisema peke yake, kwa raha, "Thelathini na tatu. Hata mkaa hauhitajiki."

Mama akageuka na ungo wake. Akaurudisha mkaa kwenye gunia, akapangusa mikono.

"Vizuri," akasema. "Kama kinajua kila kitu, na kiongeze mkaa chenyewe."

Akala, akaosha vyombo, akapanda kitandani akavuta blanketi. Akawasikia wakiita. Aliwasikia vizuri kuliko mtu yeyote, sikio lake ndilo lililokuwa hodari siku zote. Akajiambia: leo siinuki. Acha wafe wachache, aone. Kesho ataniheshimu. Akawa anaipanga ile "nilikwambia" yake, anaigeuza mdomoni kama pipi, mpaka kilio kikapungua. Alipoona kimya alidhani wamelala.

Asubuhi alimtangulia mumewe kufungua mlango. Jiko lilikuwa majivu. Pale pembeni palikuwa na lundo moja la manjano, na kwenye lundo zima vilivyokuwa vikisogea vilikuwa vichache sana. Mzee akasimama nyuma yake, akakitazama kipimajoto chake. Kilisema kumi na sita. Hata kile kiongo asubuhi hiyo kilijitahidi kusema kweli, lakini kweli iliyochelewa unaipeleka wapi?

Mzee akakaa chini, palepale kwenye maranda waliyotandikiwa vifaranga. Hakubisha. Ndiyo ilikuwa saa ya mama kusema neno lake. Akafungua kinywa, na lile neno alilolipanga usiku kucha halikuwa na ladha yoyote.

Wakaja wenye mali. Yule mjane mwenye banda la mabanzi akapiga magoti, akaokota kifaranga mmoja, akamweka kwenye kiganja na kumpulizia pumzi ya moto, kama vile bado kuna tumaini. Halafu akainua uso. Hakumtazama mzee. Mzee walishamjua, kila mtu alijua akili yake na kipimajoto chake. Alimtazama yeye.

"Dada," akauliza, "kwani hukuwasikia wakilia?"

Kusema hakusikia ni uongo. Kusema alisikia, je? Wewe ungesema lipi?

Mbona mmenyamaza? Sasa hivi hapa mlikuwa mnacheka, kila mmoja ananyoosha kidole kichwani mwake kwa mume wake, kwa mkwe wake, kwa mzee wa kanisa. Na ni kweli, wapo. Wapo wanaochagua kipimo kinachowapendeza, wakakitundika kando ya jiko, wakasema nyumba yote ina joto. Tunajipima Jumapili tukiwa tumesimama karibu na kwaya, tunajiona tunawaka. Hatujipimi Jumanne jikoni kwetu, tunapoongea na binti wa kazi. Hilo ni kosa letu, na sikuja kulifunika.

Lakini mimi leo nimekuja kwa ajili yako wewe unayejua. Wewe mwenye sikio. Wewe uliyeona mapema kwamba pembeni kuna baridi, ukasema, hukusikilizwa, ukasema tena, ukadharauliwa, ukakasirika kwa haki kabisa. Halafu ukaurudisha mkaa kwenye gunia. Ulikuwa sahihi, nani anakataa? Ila tangu lini kifaranga akapata joto kwa mtu kuwa sahihi? Tunabishana sisi wazima juu ya nani anajua kupima, na yule mgonjwa wa nyumba ya tatu hajatembelewa. Yule kijana aliyeacha kuja tunajua sote aliacha kwa nini, na kila mmoja anangoja mwenzake akiri kosa kwanza ndipo aende kumwita. Tunataka wafe wachache ili tuheshimiwe.

Kipimo kibovu hakikuua vifaranga wale peke yake. Kulikuwa na ungo wa mkaa, umejaa, ukumbini, na mikono iliyojua njia.

Basi tukitoka hapa, msinishike mkono mlangoni mkaniambia bibi, leo mahubiri yalikuwa ya moto. Sitaki kusikia. Ukungu unashuka huo, na kuna mtu anaita pembeni, mnamjua kwa jina. Nendeni mkaongeze mkaa.