Vidonge Tisa vya Udongo

Hii nimetumiwa asubuhi. Nimeisoma, nikaweka simu chini, chai ikapoa. Nawe isome yote, usirukeruke, kisha mpelekee mwalimu yeyote unayemjua.

Mwalimu Ndimbo alifundisha kemia kwenye shule ambayo maabara yake ilikuwa mlango na kufuli tu, ndani hamna kitu. Basi akawafundisha wanafunzi kufinyanga vidonge vya udongo na kuviunganisha kwa njiti za kiberiti.

"Kaboni ana mikono minne," alikuwa akisema. "Oksijeni miwili, haidrojeni mmoja. Mkono ukibaki mtupu, umekosea."

Siku ya mtihani akawaambia waunde ethanoli, ile inayolevya kwenye pombe. Inataka vidonge tisa. Skolastika, binti mwenye maneno mengi, akaleta sita.

"Skola, kaboni ya pili iko wapi, na haidrojeni zake mbili? Hii si ethanoli, mwanangu. Hii ni methanoli."

"Lakini mwalimu, hesabu mikono! Hakuna mtupu hata mmoja."

Na kweli, mikono yote ilikuwa imeshikana. Umbo lilikuwa zuri na limekamilika, ila lilikuwa la kitu kingine. Skola akaanza kulia. Baba yake alikuwa ameapa kwamba akifeli safari hii, shule basi.

Huruma jamani! Mwalimu akashindwa.

"Haya, nyamaza. Hao ni ndugu, wanafanana. Tofauti yenyewe ndogo tu."

Akaweka alama ya vema. Alitaka kumweleza kwamba huyo ndugu mmoja ni sumu, lakini kengele ikalia, watoto wakatoka. Kesho yake wakaanza mada nyingine.

Ikapita miaka kumi na moja. Skolastika akawa mtengenezaji wa pombe kali za sherehe, mtaa mzima unamjua. Wiki moja spiriti yake ya kila siku, ile ya ethanoli, ikakosekana sokoni, na harusi ya jirani ilikuwa Jumamosi. Mchuuzi mmoja akamletea pipa lililoandikwa ubavuni: methanoli.

"Aa, huyu namjua," Skola akasema. "Ni ndugu yake yule."

Akachanganya, akapeleka harusini.

Otmari, mdogo wake Mwalimu Ndimbo, alikunywa glasi tatu. Kesho yake saa tano, jua linawaka, akamwita kaka yake chumbani.

"Kaka, mbona mmefunga madirisha?"

Madirisha yote yalikuwa wazi; ni macho yake yaliyozimika. Kufika jioni Otmari alikuwa amefariki, na mtaani walikufa wengine wanne.

Mwalimu akaenda kituo cha polisi alikoshikiliwa Skola.

"Ulijua kwamba ni methanoli?"

"Nilijua, mwalimu."

"Ulijua! Sasa ukawanywesha watu kwa nini, wewe mwanamke?"

Skola akamtazama, macho yamevimba kwa kulia.

"Si wewe uliyenifundisha? Ulisema ni ndugu, wanafanana, tofauti ndogo. Ukaniwekea vema. Mwalimu, mbona hukuniambia kwamba inaua?"

Mwalimu Ndimbo alitoka bila kuaga.

Siku ya maziko, zamu yake ya kutupa udongo ilipofika, aliuchota, lakini hakuutupa. Vidole vyake vikaanza kufinyanga, kama vilivyozoea. Watu wakadhani msiba umemchanganya. Akafinyanga kidonge kimoja cha kaboni, na viwili vya haidrojeni, vile vilivyokosekana siku ya mtihani. Akaviweka vyote vitatu kaburini kwa mdogo wake, akalia kwa sauti mbele ya watu.

Funzo: Ukimpenda mtu, mwambie kosa lake lote na hatari yake, hata akilia, maana machozi ya mtihani hukauka siku hiyohiyo.