Chiriku na Jike Lililovaa Herini

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kama mmefiwa? Nasema paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Mikono ipukuchue mahindi, masikio niachieni mimi. Anayetaka hadithi ya harusi akamwombe shangazi yake. Mimi leo sina ya harusi.

Alikuwapo Nyani. Nyani kweli, kifua hivi, mikono hivi, na sharubu na nyusi alizozipenda kuliko mkewe. Nyani alilima bonde zima. Alipanda mtama? Hakupanda. Alipanda kunde? Hakupanda. Alipanda bangi tu, bonde zima, kwa ajili ya kiko chake.

Sasa mbangi una dume na una jike, kama nyinyi. Mbegu ukiishika mkononi hujui itatoa lipi, mpaka mche ukue uchanue. Dume hutoa vigoroli, jike hutoa nywele nyeupe. Vigoroli vikipasuka, vumbi linaruka, jike linashika mbegu. Na Nyani mbegu hakuzitaka kabisa, maana mbegu ikiingia kwenye kiko inalipuka, pa! Sharubu zinaungua.

Basi kila asubuhi alipita kukagua. Vigoroli? Dume. Chopoo! Nywele nyeupe? Jike. Kaa. Vigoroli? Dume. Chopoo! Nywele nyeupe? Jike. Kaa.

Juu ya mgunga, kando ya shamba, aliishi Mama Chiriku. Ndege mwenyewe hata kiganja hakijai. Mumewe alinyakuliwa na mwewe, kwa hiyo alikuwa mama, akawa baba pia. Alikuwa na makinda matatu, midomo wazi kutwa: chwi! chwi! chwi!

Mwaka huo mvua iligoma. Nyasi zilikauka kabla ya kushika mbegu. Chemchemi ilikuwa moja tu, ya Nyani, na kila kilichokuwa kibichi kilikuwa cha Nyani. Mama Chiriku alizunguka siku tatu asipate hata punje, akaona hapana, aibu haishibishi watoto. Akashuka.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Sema upesi."

"Babu, niachie dume moja tu, pale pembeni. Majike mawili matatu yashike mbegu, wanangu wapate kula."

"Na sharubu zangu je?"

"Wanangu wanakufa, babu."

"Zaa wengine," akasema Nyani. Chopoo!

Mama Chiriku alirudi kwenye kiota. Chwi! Chwi! Akasikiliza tena. Chwi! Chwi! Wawili. Wa tatu alikuwa amelala chini ya wenzake, na hakuwa amelala. Mama Chiriku alimfunika kwa bawa mpaka jua likazama, ingawa alijua, alijua vizuri kabisa. Unafanyaje? Nyinyi niambieni, mama anafanyaje?

Akakumbuka jambo. Mwaka uliopita mbuzi waliingia shambani wakalikanyaga jike moja, wakalitafuna, wakalivunja. Jike lile lilipoona linakufa na dume halipo, lilitoa vigoroli lenyewe, pamoja na nywele zake. Likawa huntha. Mama na baba kwenye shina moja.

Kesho yake alichagua jike moja katikati ya shamba, nyuma ya yale marefu. Akaanza kulitesa. Mfereji wake wa maji akauziba kwa tope, tone kwa tone, kwa mdomo. Majani akayadonoa, do! do! do! Udongo wa mizizi akaufukua. Jike likanyauka, likainama, na Mama Chiriku akalia huku anadonoa.

"Nisamehe, mwenzangu. Na mimi nilifanywa hivi hivi."

Do! do! do!

Siku ya kumi jike likatoa vigoroli. Na siku hiyo hiyo, chopoo, chopoo, Nyani akatokea.

"Hee! Hiki nini? Nywele nyeupe, na vigoroli!" Mkono ukashika shina.

Mnamjua chiriku, maneno hayamwishi.

"Babu! Unang'oa jike lako mwenyewe? Uliona wapi dume lina nywele nyeupe?"

"Na haya madude?"

"Herini hizo, babu! Limejipamba. Limesikia shamba hili ni la nani."

Nyani akapapasa sharubu. "Kumbe?"

"Majike yote haya, hili peke yake ndilo lenye adabu. Na lina bangi ya kujaza viko vizima kumi. Basi kama huvitaka, ng'oa."

Viko kumi! Hapo alimpata. Mkono ukaachia. "Liache na herini zake," akasema Nyani, akaenda zake akicheka.

Mama Chiriku akaruka kwenda kuwaambia wanawe. Chwi! Akasubiri. Chwi! Mmoja.

Herini zikapasuka, upepo ukaja, fuuu, vumbi likatembea shamba zima. Kila jike likashika mbegu, kimya kimya, ndani ya ua. Kushika ni siku moja, lakini kukomaa ni siku nyingi. Mama Chiriku alikaa anahesabu mapambazuko, akimwambia kinda wake, "Bado kidogo, mwanangu, bado kidogo," na kinda anaitika, chwi, halafu chwi ndogo, halafu anafumbua mdomo tu.

Nyani akavuna. Akakausha. Akajaza kiko, akakaa kitako, akawasha, akavuta kwa nguvu zake zote.

Pa! Pa! Pa-pa-pa-pa!

Sharubu? Hakuna. Nyusi? Hakuna. Nyani alikimbia uso unafuka moshi, akatumbukia kwenye chemchemi, chubwi! Akatoka hapo akahama bonde kwa aibu, na mavuno yote akayaacha yamelala uwanjani.

Mama Chiriku ameshinda! Pigeni makofi basi. Hampigi?

Akachukua mbegu moja, nono, akapaa nayo mpaka mgungani.

"Chwi?" akaita yeye mwenyewe.

Kimya.

Alikaa ukingoni mwa kiota na mbegu mdomoni mpaka jua likazama. Halafu akaimenya, akaila, maana na yeye alikuwa na njaa. Hapo ndipo alipojichukia.

Mbegu nyingine zikaanguka zenyewe. Mvua ilipokuja zikaota, na zote zilitoa majike. Dume hata moja halikuonekana, kwa kuwa baba yao naye alikuwa jike. Mama Chiriku aliyatazama yanakua. Maji yalikuwepo, mbuzi hawakuwepo, hakuna aliyeyagusa hata jani. Na bado mengi yalitoa herini. Yalizaliwa yameshateswa.

Hadithi yangu imebaki gunzi, punje zote nimewapa.

Funzo? Funzo ni kwamba msivute bangi, mtaunguza nyusi. Basi. Wewe uliyekaa mlangoni, unalia nini? Nimesema hadithi ni ya nyusi. Futa machozi upukuchue mahindi yako, na punje zinazoanguka usizifagie. Ziache hapo nje.