Magogo ya Ng'ambo

Sogeeni huku kwangu, na asiegemee mtu nguzo.

Fundi Makungu alitaka kujenga banda la sherehe ambalo mchwa hawataliweza. Zimwi la ng'ambo likamletea magogo mazito. Makungu akafukia kipande kwenye kichuguu ili akijaribu. Asubuhi akakifukua: kizima. Akakifukia tena: kizima. Mara ya tatu mkewe, Siwema, akachungulia shimo.

“Mume wangu, kipande ni kizima, lakini mchwa wamekwenda wapi?”

“Wameukimbia ugumu wake!” Makungu akacheka, akasimamisha nguzo.

Siku ya sherehe wageni wakajaa, wakaziegemea. Siwema alipoleta sinia la pilau, banda lilikuwa imara, kimya, na chini ya kila nguzo viatu bila wenyewe. Vya Makungu vilikuwamo.

Ndugu yangu wa kule nyuma, uliyeegemea, mbona huitikii?