Koti la Baba na Jani la Sale

"Sale la kaburini halina mpokeaji." Mmemsikia mchungaji akisema hivyo leo mazikoni, na nyinyi watoto wa kipaimara mkaanza kunong'onezana kama mko sokoni. Haya, sogeeni niwaeleze neno hilo lilikotoka.

Methali hii ilianza kwa wivu, tena hapa hapa kwetu mlimani, nyumbani kwa Mzee Ndekirwa. Alikuwa na wana watatu. Desturi yetu mnaijua: wa kwanza hupewa shamba, wa mwisho hurithi nyumba ya baba, na wa kati hujitafutia. Wa kati alikuwa Aminieli. Mchapakazi, mcha Mungu, ila alikuwa na kijicho na mdogo wake, Elisaria. Baba akimwegemea Elisaria kwenda kanisani, Aminieli chakula hakimshuki.

Krismasi moja, mbuzi alipochinjwa, mzee alichukua kidari, fungu alilokula mwenyewe miaka yote, akampa Elisaria aliyeketi karibu naye. Meno yalikuwa yamemwisha mzee, lakini Aminieli hilo hakuliona. Akasimama mbele ya ukoo.

"Huyo ndiye mwanao," akasema. "Mimi nihesabu nimekufa."

Mzee naye alikuwa na kiburi chake. Akamjibu, "Mlango uko wazi."

Aminieli akahamia tambarare, akaoa huko, akawa mzee wa kanisa. Kila Jumapili alipeleka sadaka madhabahuni, naye anajua fika Bwana Yesu alivyosema: iache sadaka yako, kapatane kwanza na ndugu yako. Akapita nayo hivyo hivyo.

Uzee ukamlainisha baba. Akakata sale, huu mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Kwetu, aliyekosa hulipeleka kwa yule aliyemkosea kuomba radhi, na halikataliwi. Lakini baba kumpelekea mwanawe, hilo ni wachache waliopata kuliona. Alilikata na shina lake, akamkabidhi Elisaria.

Elisaria alipofika, Aminieli hakuona sale. Aliona koti. Mdogo wake alikuwa amevaa koti la baba la Jumapili.

"Hata koti kakupa?"

"Kanivalisha kwa sababu ya baridi. Kaka, baba anaomba radhi. Angekuja mwenyewe, miguu haimbebi."

"Mwambie akiwa na neno na mimi alilete mwenyewe. Cha baba sikipokei mkononi mwako."

Elisaria akaliacha sale kwenye ua, akarudi analia. Mzee akawa anauliza kila siku kama Aminieli amejibu. Akafa anauliza.

Lile shina lilikuwa limeshika mizizi pale pale lilipoachwa. Habari za msiba zilipomfikia, Aminieli alichuma jani lake, akapanda mlima. Alikuta kaburi limeshafukiwa. Akapiga magoti, akanyoosha jani.

"Baba, nimekuja."

Sale halitupwi chini, hupokelewa kwa mkono. Basi akabaki amelinyoosha, na waombolezaji wakainamisha vichwa. Mama yake akamwendea.

"Mwanangu, Mungu atakusamehe, ni mwingi wa rehema. Lakini baba yako alitaka akusikie kwa masikio yake. Sale la kaburini halina mpokeaji. Mpe mwenye mkono."

Aminieli akageuka. Elisaria alikuwa amesimama na koti lile, na nawaambia kweli, hata hapo wivu ulimchoma. Kucha za mdogo wake zilikuwa na udongo wa kaburi la baba. Zake zilikuwa safi. Akampa jani. Elisaria akalipokea kwa mikono miwili, wakalia pamoja. Ndugu wakapatana, ila baba hakuona.

Sasa wewe uliyecheka pale nyuma, ambaye hujasema na mama yako tangu mavuno. Mama yu hai, na masale yamejaa mpakani kwenu. Sale la kaburini halina mpokeaji.